Lugha ya Kuandikia Mizinga ya Babu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Dada Julieth, uliniambia huwezi kumshauri mtu anayekupa habari nusunusu. Basi nitaandika wiki nzima, kisha daftari litakuja kwako chuoni Dar es Salaam kwa basi. Sitaficha. Sitapamba.

Habari ni mbaya. Babu Mahona amekuja kutoka Usinge kutibiwa macho. Yuko hapa Tabora, Gongoni, kwa shangazi Theodora, analala chumba cha mbele. Daktari amesema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufa. La kulia linafuata, na dawa ya matone inalichelewesha tu. Jumamosi anarudi kwa treni.

Babu hakulia. Alimwuliza daktari kama yeye anaweza kuuona mzinga juu ya mti kwa umbali wa kiwanja cha mpira. Daktari akasema hawezi. Babu akasema basi tuko sawa.

Unajua mambo yalivyo, lakini nimeapa kusema yote: babu ana mizinga themanini na sita porini, na hakuna mahali ilipoandikwa. Yote imo kichwani mwake. Baba yetu yuko Urambo na tumbaku yake. Nyuki hukutana nao kwa bahati mbaya tu. Mwezi ujao ni urinaji wa asali, na atakayekwenda ni baba mdogo Fikiri, ambaye hajawahi kuvuka mzinga wa ishirini. Babu akipofuka kabla mtu hajajua mizinga ilipo, asali ya mizinga sitini na sita italiwa na nyegere.

Nimepata ufumbuzi. Nitatengeneza programu ya simu! Kila mzinga na mahali pake, na ramani, na picha ya mti. Mwalimu Sixbert wa klabu ya kompyuta amesema wazo ni zuri, nifanye haraka.

Ila kwanza lazima nichague lugha ya kuandikia programu. Huwezi kupanda mbegu bila kujua shamba. Nimechora jedwali lenye safu tano: Java, Kotlin, Dart, JavaScript na Python. Vigezo kumi na viwili. Nimepiga mistari kwa rula.

Jioni babu akaniita. Alisema, "Mke wangu, kaa hapa nikutembeze porini kabla giza halijaniingia." Nikamwomba asubiri kidogo. Nilikuwa kwenye kigezo cha nne.

Jumanne, 13 Mei

Ruaa Sulemani! Huyu ni binti wa duka la vitenge, anakaa dawati la mbele yangu kidato cha tatu, na ana kompyuta mpakato yake mwenyewe ambayo huibeba kwenye mkoba wa maua. Leo bila kuulizwa amesema kwamba lugha ni Kotlin. Binamu yake yuko Maskati, anaandika programu za benki, naye amesema Kotlin.

Nikamwambia Java ni ya zamani na imejaribiwa. Akasema hata treni ya makaa ya mawe ilijaribiwa, mbona hatuipandi. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Wakati wa mapumziko nikasoma tena jedwali langu. Ruaa alikuwa sahihi. Uchungu mkubwa! Nikakaa chooni dakika kumi nikifikiri, kisha nikachagua Dart. Sababu: ukiandika mara moja, inafanya kazi kwenye simu za aina zote. Sababu ya pili: si Kotlin.

Baba mdogo Fikiri ana simu ya kitochi, isiyoweza kufungua programu yoyote. Hilo ni suala la utekelezaji. Nitalishughulikia baadaye.

Alasiri nimepakua masomo ya Dart kwenye simu ya shangazi. Pia masomo yote ya Kotlin, ili nimjue adui. Bando lake la wiki limekwisha. Nafasi kwenye simu nayo ilikuwa ndogo, kwa hiyo nimefuta video tatu za kwaya yake. Nimeacha ile ya Pasaka.

Babu aliniita tena baada ya chai. Nikasema kesho. Akasema sawa, ila kesho yake yeye ni fupi kuliko yangu. Shangazi akamwambia aache kumtisha mtoto. Babu akasema hamtishi mtoto, anamhimiza mke.

Jumatano, 14 Mei

Leo nilikaa naye. Naandika hili kwa fahari kwa sababu yanayofuata si ya fahari.

Babu hakumbuki mzinga kwa namba. Anakumbuka kwa miguu. Anafumba macho, anavua kandambili, na nyayo zake zinaanza kutembea palepale chini ya kiti. Anatoka relini. Anaikata njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, ambayo sasa ni mfereji wa nyasi tu. Anavuka kijito kikavu. Mzinga wa kwanza, mti wa mtundu uliopasuliwa na radi. Anageuka jua likiwa begani kushoto. Wa pili, mninga wenye matawi mawili. Na kadhalika. Anakwenda vizuri kabisa, lakini ukimkata, amepotea. Lazima arudi relini aanze upya.

Mimi sikulijua hilo. Kwenye mzinga wa saba nikamwuliza latitudo.

Miguu ikasimama. Akafumbua jicho. Akauliza latitudo ni mti gani. Nikamweleza. Akasema hana, akarudi relini.

Safari ya pili nilinyamaza hadi mzinga wa kumi na moja. Hapo akataja mti kwa Kinyamwezi, jina ambalo sikulijua, na mimi katika mpango wangu nimeweka aina tano tu za miti. Nikamwomba auhesabu kama mninga. Alikasirika kama ambavyo sijawahi kumwona. Alisema yeye hajawahi kumwita mtu kwa jina la jirani yake kwa sababu ya uvivu wa karani. Akarudi relini.

Safari ya tatu alifika wa tisa, nikapiga chafya. Hilo si kosa langu.

Jumla: safari tatu, na hatukuvuka mzinga wa kumi na moja. Sikuandika hata mmoja, kwa sababu sijajua bado Dart inataka orodha ipangwe namna gani. Nisingependa kuandika mara mbili. Shangazi aliyekuwa akichambua mchele alisema, mwanangu, si uchukue kalamu tu? Nikamweleza kwa upole kwamba karatasi hulowa. Kisha akauliza nani amefuta kwaya yake.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya ushindi! Nadhani.

Klabu ilipiga kura leo. Kompyuta ya shule inayofanya kazi ni moja, kwa hiyo lugha itakayofundishwa muhula huu ni moja. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikafagia chumba cha kompyuta, nikawapata kidato cha kwanza mmojammoja mlangoni. Niliwaahidi kwamba kila atakayeichagua Dart, jina lake litaandikwa ndani ya programu, kwenye ukurasa wa shukrani. Mmoja aitwaye Samweli alitaka jina na picha. Nikakubali.

Dart kura kumi na nne. Kotlin tisa! Ruaa alinipa mkono, akasema hongera, akauliza babu anaendeleaje. Nikasema anaendelea. Akaondoka mapema.

Kisha Mwalimu Sixbert akaiwasha kompyuta ili tuweke vifaa vya Dart. Ikahema. Ikanguruma. Ikaandika kwamba kumbukumbu yake haitoshi hata nusu. Mwalimu akasema ndivyo alivyohofia; kompyuta hii inaweza JavaScript tu, maana hiyo haihitaji zaidi ya kivinjari. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema alisema, Jumatatu, kwa sauti, mimi nikiwa nimeinama napiga mistari kwa rula.

Nilibaki saa nzima nikijaribu kuishawishi mashine. Haikushawishika.

Sasa naandika ya nyumbani. Nimeapa.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Nje, viatu vya Ruaa. Ndani, Ruaa ameketi mkekani, daftari magotini, kalamu inakimbia. Babu amefumba macho na nyayo zake zinatembea upesi kuliko nilivyowahi kuziona. Shangazi alinong'ona kwamba binti alikuja na visheti vya mama yake, akamsalimia babu "mwangaluka", ambayo ni salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na ilikuwa saa tisa alasiri. Babu alicheka mpaka machozi. Akamwita mke mdogo. Akavua kandambili.

Nikamsikia babu akisema, "Hamsini na mbili, mkurungu, nyuma ya kichuguu chenye tundu la kakakuona."

Hamsini na mbili!

Moyo wangu ukafanya jambo baya. Nilifikiri anaiba. Nilifikiri ataiweka mizinga yetu kwenye Kotlin na kuipeleka Maskati. Nikasema kwa sauti kubwa, babu, saa ya dawa ya macho imefika.

Haikuwa imefika. Ilibaki saa nzima.

Miguu ikasimama. Babu akauliza tulikuwa wapi. Ruaa akamjibu polepole: kwenye kichuguu, babu, hamsini na mbili. Akajaribu. Nilimwona akijaribu, vidole vya miguu vikipapasa saruji. Akasema hapana, amepotea, mpaka relini tena, na leo hana nguvu ya kurudi relini. Ruaa alifunga daftari, akaaga, hakunitazama. Babu akasema, "Mke mkubwa ana wivu. Ndiyo maana wazee walijenga nyumba mbili."

Shangazi hakucheka.

Nilishinda kura kumi na nne kwa tisa. Sijui kwa nini ugali haukushuka.

Ijumaa, 16 Mei

Babu ameamka na maumivu ya kichwa upande wa jicho la kulia. Amelala na kitambaa usoni. Hataki pori, hataki utani. Nilimwita mume wangu ili kumchangamsha. Akasema mume wako amesafiri.

Nimekubali JavaScript. Mtu mkubwa hukubali. Mwalimu alinipa kompyuta kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, peke yangu, kwa sababu ya hali ya babu. Saa tatu nzima! Niliazimia kufanya jambo moja kwa ukamilifu kuliko mengi nusunusu.

Nimekamilisha ukurasa wa kwanza. Rangi ya asali. Nilijaribu rangi za asali kumi na tisa, kwa kuwa ya mninga si sawa na ya mtundu. Katikati kuna nyuki, nimemchora mwenyewe, mabawa yanatikisika. Chini kuna kitufe kilichoandikwa "Mzinga Mpya". Ukikibonyeza hakifanyi kitu, lakini kinashuka kidogo kama kitufe cha kweli.

Nikauhamishia kwenye simu ya shangazi, nikakimbia nyumbani. Babu alikuwa ameketi kitandani. Nikamwekea simu mkononi. Akaisogeza karibu na jicho, karibu zaidi, hadi kioo kikagusa pua. Nilisubiri amwone nyuki.

Aliuliza kama nimemletea tochi.

Nikasema ndiyo, babu. Akasema ina mwanga mzuri, wa manjano, ahsante. Akaishika hivyo kwa muda. Nilitoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi, 17 Mei

Stesheni. Mimi, shangazi na babu na sanduku lake la mbao. Treni ilikuwa iondoke baada ya dakika arobaini. Shangazi akaenda kununua mikate na maji.

Babu akashika kiwiko changu. Akasema leo kichwa kimetulia, na hapa reli ipo karibu, hata hana haja ya kuitafuta. Akavua kandambili palepale kwenye jukwaa la stesheni. Akasema nisimwulize kitu. Nikaapa. Akafumba macho, akaanza.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na mpaka sasa naliona ni wazo bora kuliko yote ya wiki hii: kinasa sauti! Simu ya shangazi inarekodi! Ningemrekodi, kisha kwa utulivu nyumbani ningepanga kila kitu kwa lugha yoyote ile. Nikaifungua. Nikabonyeza.

Ikaandika: Nafasi imejaa. Futa kitu.

Babu alikuwa kwenye mtundu wa radi.

Nikatafuta cha kufuta. Kulikuwa na masomo ya Dart na masomo ya Kotlin. Kimoja kingetosha. Nikaanza na Dart, kwa sababu kompyuta ya shule imeikataa. Kisha nikafikiri: shule ikipata kompyuta mpya je? Dart ilishinda kwa kura. Kuifuta ni kudharau wapiga kura. Nikaenda kwa Kotlin. Lakini Kotlin ndiyo iliyopata alama nyingi kwenye jedwali langu, nikiwa mkweli. Je, nifute nusu ya kila moja? Nusu ipi? Mtu hawezi kujua somo la kumi na mbili bila la kumi na moja.

Babu alisema kitu kuhusu kijito cha pili. Babu alisema kichuguu. Babu alisema mawe matatu yanayofanana na mafiga. Nyayo zake zilikuwa zinakwenda, zinakwenda. Mama mmoja mwenye kuku alisimama kumtazama, akamwambia mwenzake, mzee huyu anasafiri kabla ya treni. Mimi nilikuwa nimeinamia kioo. Niliifuta video ya Pasaka. Haikutosha.

Mwisho nikafanya uamuzi wa kiume. Kotlin! Nikafuta yote. Kinasa sauti kikafunguka. Nikakibonyeza na kukinyanyua mbele ya mdomo wa babu.

Nimekisikiliza mara nyingi tangu hapo. Kina sekunde tisa. Babu anasema, "Themanini na sita, mninga wa peke yake, hapo unaona moshi wa kijiji. Umefika. Umeyapata yote, mke wangu?" Kisha honi ya treni.

Alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anatabasamu upande ambao sikuwepo.

Nikasema ndiyo, babu. Yote.

Akavaa kandambili. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayepima boga, akasema sasa anaweza kupofuka bila wasiwasi. Shangazi akaja na mikate. Tukampandisha. Dirishani alipunga mkono kwa shangazi, kisha kwa mama mwenye kuku, akidhani ni mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Jana sikuandika. Nilikuwa kanisani, halafu sikuwa na la kusema.

Leo asubuhi Ruaa aliweka daftari lake juu ya dawati langu. Mizinga hamsini na miwili, kwa kalamu ya wino, kwa mpangilio wa miguu ya babu. Mti, mgeuko, jua liko wapi, kijito kipi. Majina ya Kinyamwezi yote, hata yale ambayo lazima alimwomba shangazi amtamkie tena. Akasema alitaka kunipa Ijumaa, ila aliona nina hasira. Nikamwuliza Kotlin yake inaendeleaje. Akasema hajaanza, alikuwa anamwandikia babu kwanza.

Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli. Ila naandika hapa, kwa kuwa nimeapa, kwamba daftari lile halina safu.

Mchana baba mdogo Fikiri alimpigia shangazi. Babu amefika salama. Anawaambia watu wote Usinge kwamba Pelagia ana mizinga yote themanini na sita kwenye mashine. Baba mdogo anaomba orodha, atume mtu aichukue. Shangazi akanipa simu na kuondoka, lakini hakwenda mbali.

Nikamwambia baba mdogo kwamba hamsini na miwili iko tayari, na thelathini na minne iko kwenye hatua ya kuchakatwa. Kisha akasema babu naye yupo hapo, anataka kusema.

Babu alisema jicho la kulia bado linaona kivuli cha mti, ikiwa asubuhi. Alisema anajua shule inafunga mapema mwezi wa sita. Kama kuna kipande kilichoniponyoka, si aibu, pori ni kubwa, hata yeye baba yake alimtembeza mara saba. Nije. Nimshike mkono, twende kwa miguu, mzinga kwa mzinga, atanionyesha kwa kugusa. Nilete kalamu.

Nilitaka kusema ninakuja.

Lakini nikafikiri vizuri. Kwenda porini na kalamu tu ni kurudia kazi mara mbili. Ningefika huko bila mahali pa kuiingiza mizinga! Nikamwambia, babu, asante sana, nitakuja Desemba, programu ikiwa imekamilika. Nikasikia kuku wa huko. Akasema sawa, mke wangu, Desemba, atajitahidi kuniwekea kivuli.

Nimekwisha kuona kosa langu lilipokuwa. Kosa ni JavaScript. Niliichukua kwa sababu ya kompyuta mbovu, si kwa sababu ya sifa zake, na kila kilichofuata kiliharibika. Leo nimechora jedwali jipya. Vigezo ishirini. Mwalimu Sixbert ataiuliza shule ya jirani kama wanaweza kutuazima mashine yao, na Ruaa amesema naweza kutumia ya kwake Jumapili, bila mimi kumwomba. Naona mwanga, kwa kweli.

Basi nimesema yote kama nilivyoapa. Kondakta amekubali kulibeba daftari hili kesho saa kumi na mbili asubuhi, na keshokutwa jioni anaanza safari ya kurudi Tabora. Usinipe ushauri mwingine wowote, dada Julieth, swali ni moja tu, nawe ndiye msomi wetu, mpe kondakta jibu hata kwenye kikaratasi: kati ya Dart na Kotlin, nichague ipi?